Saa ya Jua, Saa ya Reli

Maiti ilikuwa imewekewa mto.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoingia katika chumba cha kusubiria cha daraja la kwanza, saa mbili na nusu asubuhi, viatu vikiwa bado na vumbi la jukwaa. Damu alikwisha kuizoea. Lakini mzee huyu alilala chali kando ya mashine kubwa ya chuma, kisogo kimepasuka, na chini ya kisogo hicho palikuwa na mto wa ngozi uliotolewa kwenye benchi la abiria. Ulikuwa umewekwa sawasawa, na kola ya shati la marehemu ilikuwa imelegezwa.

"Muuaji gani anajali shingo ya mtu?" aliuliza.

"Labda ni muuaji mwenye malezi," alijibu Koplo, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mwili wa kubeba magunia na ulimi usiojua likizo.

Inspekta hakucheka. Chumba kile hakikuwa cha kuchekea.

Marehemu alijulikana mji mzima kwa jina la Mzee Ratiba. Alikuwa amefanya kazi ya reli kwa miaka arobaini, na treni ya masafa marefu iliposimamishwa miaka kumi na mmoja iliyopita, yeye alikataa kusimama. Kila siku alikuja stesheni kukaa. Sasa treni ilikuwa inarudi, Jumamosi ya wiki hiyo, na wakubwa wa reli walikuwa wamempa chumba hiki apange historia yake ili wageni waisome. Leo ilikuwa Jumatano.

Kuta zote zilijaa kurasa zilizopigwa taipureta, mwaka hadi mwaka. Mwaka wa treni ya kwanza, yenye mabenchi ya mbao. Mwaka safari ilipochukua siku mbili na usiku mbili na watu wakaita hiyo mbio. Mwaka wa behewa la chakula lenye vitambaa vyeupe. Mwaka alipoajiriwa mwanamke wa kwanza kukagua tiketi, na wanaume wakagoma mwezi mzima kumwonyesha. Halafu miaka ya vioo vilivyovunjika visirudishiwe, na mwaka wa mwisho, aya moja tu.

Katikati palikuwa na pengo. Pini nne zilibaki ukutani, na moja ilikuwa imeshikilia kona ya karatasi iliyochanwa.

Inspekta alisoma ukurasa wa kabla, kisha wa baada.

"Ni mwaka wa ajali," alisema Koplo, na safari hii hakutania.

Hakuna aliyekua katika mji ule asiyeijua. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, saa nane na robo mchana, treni ya abiria ilikutana uso kwa uso na treni ya kokoto kwenye kona, juu ya njia moja. Watu arobaini na watatu walikufa. Ripoti ilisema dereva wa abiria aliondoka stesheni hii bila ruhusa. Dereva mwenyewe alifia kwenye kiti chake, kwa hiyo hakupatikana wa kubisha.

Daktari wa polisi aliinuka kutoka sakafuni akivua glavu.

"Amesukumwa. Kisogo kimegonga kona ya mashine hii."

"Lini?"

"Jana, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni."

"Akafa papo hapo?"

"Hapana. Ameishi saa moja, pengine mbili. Angeletwa hospitali mapema, leo angekuwa anawasumbua manesi wangu."

Inspekta aliutazama tena ule mto. Mtu alimwekea mzee huyu mto, akamlegeza kola, na hakumwita daktari. Akilini mambo hayo mawili yalikataa kukaa pamoja.

Ukutani, karibu na mlango, ilining'inia simu nyeusi ya zamani. Waya wake ulikatwa miaka mingi iliyopita, haukwenda popote. Mkono wa simu ulikuwa umetoka mahali pake, unaning'inia. Inspekta alijikuta ameuinua na kuuweka sikioni kabla hajajiuliza kwa nini. Aliurudisha haraka.

Aliyeigundua maiti alikuwa Mama Kantini, mwanamke wa miaka thelathini na minane, ambaye kantini yake ilitazamana na mlango wa chumba kile. Birika lilikuwa linachemka na yeye hakuliona.

"Ulimwona mara ya mwisho lini?" aliuliza Inspekta.

"Jana asubuhi. Nilimpelekea chai, nikamgombeza, nikaondoka. Sikurudi tena mpaka leo. Hilo ndilo linaloniua, afande."

"Ulimgombeza kwa nini?"

"Yule dereva alikuwa baba yangu."

Koplo aliacha kutafuna andazi alilonunua pale.

"Nilikuwa na miaka saba," aliendelea Mama Kantini. "Shuleni sikuwa na jina. Nilikuwa 'mtoto wa dereva'. Hakuna aliyekubali kukaa benchi moja nami. Dukani mama alirushiwa chumvi mezani, mtu asimguse mkono. Basi jana nikamwambia mzee, ukibandika jina la baba mbele ya wageni wote hao, nafunga kantini na hunioni tena. Akanishika mkono. Akasema, 'Subiri Jumamosi, mwanangu. Utasoma ukutani kitu ulichopaswa kukisoma ukiwa na miaka saba.' Nikadhani ni uzee."

"Alikuwa na adui?"

"Adui wa nini? Alikuwa na kichaa chake kidogo tu. Ukimtajia saa yoyote, lazima akuulize: 'Ya jua au ya reli?' Watu wa reli wanahesabu mpaka ishirini na nne. Saa nane yetu ya mchana kwao ni kumi na nne. Hata ukimwambia chai iko tayari saa nne, anauliza, na chai unayo mkononi!" Alitabasamu, kisha tabasamu likamkimbia. "Na ile simu. Kila siku anainua, anasikiliza, na waya umekatwa. Halafu anasema neno moja: 'Rudia.' Anaurudisha mkono wa simu na kwenda kukaa. Mara ya kwanza nilimwaga chai yote."

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Saa saba na dakika hamsini na tisa." Aliona uso wa Inspekta, akacheka na machozi yakiwa yanamtoka. "Samahani, afande. Ni mzaha wa nyumbani kwetu. Baba hataji saa nane. Namaanisha baba aliyenilea, Babu Bendera, alikuwa gadi wa treni hapa. Chakula cha mchana kwetu ni saa saba na dakika hamsini na tisa, tangu nikiwa mdogo. Ni kwa heshima ya marehemu baba, kwa sababu ya ile saa ya ajali."

"Alimwoa mama yako lini?"

"Miaka miwili baada ya ajali. Wakati huo hata ndugu zetu walipita upande wa pili wa barabara. Yeye alinishika mkono akanipeleka shule, asubuhi na jioni, mwaka mzima, mpaka wakachoka kunizomea. Mama amefariki na mimi nimebaki naye. Kama kuna malaika amewahi kuvaa koti la reli, ni yule."

Koplo aliandika yote, hata malaika.

Stesheni masta waliyemkuta ofisini alikuwa mtu wa jasho jingi na koti jipya. Mezani palikuwa na rundo la mapambo ya Jumamosi.

"Ulijua mzee atabandika ukurasa wa ajali?"

"Nilimkataza! Wageni wanakuja kuona mabehewa mapya, yeye anataka kuwakaribisha na maiti arobaini na watatu."

"Kwa hiyo ukaung'oa."

"Ningeung'oa, sikatai. Jana saa kumi na mbili jioni nilikwenda kwa nia hiyo. Nikagonga mlango mara mbili, kimya. Nikajua amekwenda zake. Nikafurahi, nikaenda nyumbani."

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo?"

"Sijui. Sikuujaribu."

"Mama Kantini ameusukuma tu leo asubuhi, ukafunguka."

Stesheni masta aliganda. "Alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

"Akiwa hai?"

Inspekta alifunga daftari lake. Stesheni masta alikaa juu ya mapambo yake bila kujua amekalia nini, na Inspekta alimwonea huruma, ingawa hakumfuta kwenye orodha.

Walirudi katika chumba cha kusubiria. Mwili ulikwisha ondolewa, mto ulikwisha pelekwa kuchunguzwa alama za vidole. Bila watu, chumba kilionekana kama kinasubiri tangazo. Koplo, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa, alisimama karibu na dirisha na kukaa mbali na simu.

Inspekta alifungua jalada lililokuwa mezani. Ndani mlikuwa na nakala ya kila ukurasa uliobandikwa ukutani, kwa mpangilio wa miaka. Nakala ya mwaka wa ajali haikuwapo.

"Huyu si mtu wa kupita," alisema. "Mtu wa kupita angeng'oa ukutani akakimbia. Huyu alijua kwamba mtu wa reli haandiki kitu bila nakala. Akaja mpaka mezani kuitafuta, na mwenzake yuko sakafuni anavuja damu."

"Basi tumekwisha, afande. Kurasa zote mbili hazipo."

Inspekta aliinua taipureta. Chini yake palikuwa na kijaluba cha karatasi za kaboni. Mzee Ratiba alikuwa bahili wa kaboni. Zote zilitumika mpaka zikapauka na kutoboka, herufi juu ya herufi. Isipokuwa moja. Moja ilikuwa mpya kabisa, imetumika mara moja tu. Kwa ukurasa ule mzee alikuwa amekubali gharama.

Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, na maneno yakajitokeza. Alisoma kwa sauti.

"'Wiki ile mashine hii ya kutolea ruhusa ya njia ilikuwa mbovu, tukafanya kazi kwa simu. Asubuhi, kabla mvua haijakata waya, nilipokea ujumbe kutoka kituo kinachofuata: Treni ya kokoto itaondoka saa nane, itaingia machimboni, njia itabaki yako. Niliandika 08:00, kwa kuwa kwenye waya saa ni ya reli. Aliyesema alimaanisha saa nane ya jua, yaani 14:00. Sheria ilinitaka niseme Rudia, naye arudie kwa tarakimu. Sikusema. Nilikuwa na haraka ya kunywa chai.

"'Mchana nilijua kokoto imeshaingia machimboni tangu asubuhi. Saa 13:50 nilimpa dereva karatasi ya ruhusa kwa mkono wangu. Alinisalimia akaondoa treni. Karatasi yake iliungua pamoja naye. Nakala niliichoma mimi. Tangu siku hiyo sijaandika neno bila nakala. Dereva hakuwa na kosa. Makosa yalikuwa mawili, moja ni langu. Mwenye la pili nimemwachia alitaje mwenyewe.'"

Inspekta aliilaza kaboni mezani.

"Arobaini na watatu," alisema Koplo hatimaye. "Kwa neno moja tu: nane."

"Ripoti inasema nani alikuwa kituo cha pili?"

Koplo alikwisha kuipitia kwa simu na watu wa makumbusho ya reli. "Stesheni masta wa huko alikuwa mgonjwa. Ripoti inasema tu 'karani wa zamu'. Hakuna jina."

"Nisomee tena maelezo ya Mama Kantini. Pale mwisho."

Koplo alilamba kidole, akafunua, akaanza kusoma. Alipofika kwenye saa saba na dakika hamsini na tisa, sauti yake ilipungua, kisha ikakatika kabisa.

"Mji mzima unasema saa nane na robo," alisema Inspekta. "Binti wa dereva mwenyewe anaitaja. Mjane wake bila shaka aliitaja. Mtu mmoja tu neno limemkwama kooni kwa miaka thelathini na mmoja."

Alisema hivyo bila furaha yoyote. Alikuwa anafikiria mtoto wa miaka saba anayepelekwa shule kwa mkono.

Babu Bendera aliitwa kituo cha polisi siku iliyofuata kutoa maelezo, kama walivyoitwa wafanyakazi wote wa zamani. Alikuja na koti lake la gadi, limepigwa pasi, vifungo vinang'aa. Mama Kantini alimsindikiza, na kikapu cha chakula na dawa zake za presha. Aliambiwa asubiri kwenye korido. Babu Bendera alichukuliwa alama za vidole mapokezi, akasubirishwa, na nusu saa baadaye mtaalamu alipitisha karatasi chini ya mkono wa Inspekta. Zilifanana na zile za kwenye mto, vidole vyote vinne na gumba.

Inspekta alimkaribisha kiti kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaanza maelezo yako. Koplo, jaza muda. Mzee, hebu tusaidie, Koplo hana saa. Ni saa ngapi?"

Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake. Mshale mrefu ulisimama juu kabisa, mfupi kwenye mbili. Babu Bendera aliitazama. Midomo yake ilijaribu kitu, ikaacha.

"Saa saba," alisema. "Na dakika sitini."

Koplo, ambaye angeweza kucheka msibani, hakucheka.

"Ni saa nane, mzee," alisema Inspekta.

"Mwanangu, usinifanyie hivyo."

"Ulilisema neno hilo kwenye simu siku moja."

Mzee aliweka mikono miwili juu ya meza. Aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nilikuwa karani tu," alisema. "Bosi anaumwa, mimi nina wiki tatu kazini. Nyumbani tunasema saa nane, nami nikasema saa nane. Mama yangu aliniandalia chakula saa hiyo hiyo maisha yangu yote. Nani angefikiri?"

"Na kwenye uchunguzi?"

"Hatukupanga. Nakuapia. Kila mmoja aliulizwa peke yake kama dereva alipewa ruhusa. Mimi nikasema sijui lolote. Yeye akasema hakumpa. Tulikutana mlangoni tukatazamana, basi. Hatukuzungumza tena mpaka juzi."

"Kisha ukamwoa mjane."

"Nilikwenda kuwaambia ukweli!" Sauti ilimpasuka. "Nilikwenda na maneno yangu yote nimeyapanga. Yule mtoto akafungua mlango, amechaniwa gauni shuleni. Nikasema kesho nitasema. Nikamshonea gauni. Kesho yake nikampeleka shule. Kesho nyingine tena. Siku moja akaniita baba. Sasa niambie, ningesema lini?"

Inspekta alifunua ukurasa mpya wa daftari. "Juzi jioni ilikuwaje?"

"Aliniita. Akanionyesha ukutani. Akasema amechoka kuishi na ile simu, Jumamosi anataka binti asome, nami nisimame pale niseme langu. Nilimsihi. Nikamwambia, bandika kosa lako, liache langu, nitakufa karibuni. Akaenda kwenye simu. Akauinua ule mkono wa simu, akanitazama, akasema, 'Rudia. Rudia ulivyosema siku ile. Mara moja tu.'" Alifunga macho. "Nilimsukuma. Sikutaka aanguke. Nilitaka anyamaze."

"Ulimwekea mto."

"Alikuwa ananikodolea macho. Hakuweza kusema."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Nilifika mpaka mlangoni. Ningeita, wangeniuliza tulikuwa tunagombania nini. Nikarudi nikakaa naye. Nikamshika mkono. Kuna mtu aligonga mlango."

"Mara mbili," alisema Inspekta.

"Mara mbili. Na Ratiba bado anapumua. Nilinyamaza." Machozi yalimtiririka kufuata mikunjo ya uso, hakuyafuta. "Nilinyamaza tena, mwanangu. Nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote, lakini kazi ninayoijua vizuri ni hiyo."

"Uliusoma ule ukurasa?"

"Nyumbani, chooni, kabla sijauchoma."

"Hakukutaja."

"Niliusoma mara tano kutafuta jina langu." Alitikisa kichwa. "Lakini angeuliza. Unamjua binti yangu? Angesoma kwamba kuna mtu wa pili, asingelala mpaka ampate. Na angekuja kuniuliza mimi kwanza, kwa sababu kila kitu ananiuliza mimi."

Koplo alisukuma karatasi mbele. Mzee alitia saini pole pole, kwa mwandiko mzuri wa watu wa reli. Kwenye nafasi ya muda aliandika 14:40 bila kusita.

Inspekta alitoka kwenye korido. Alikuwa amewaambia watu habari mbaya kwa miaka ishirini, na alikuwa na utaratibu wake: anza na ile wanayoweza kuibeba. Mama Kantini alisimama alipomwona.

"Mama," alisema Inspekta, "baba yako hakuwa na kosa. Hana hatia yoyote. Tuna maandishi."

Uso wote wa Mama Kantini ulifunguka.

"Si nilijua!" alisema kwa nguvu. "Nilijua tangu jana, nikasema hawa watamsumbua bure mzee wa watu. Asante, afande, Mungu akubariki. Basi mtoeni twende nyumbani, hajala." Tayari alikuwa ameokota kikapu na kupiga hatua kuelekea mlango.

Inspekta alielewa alichokifanya, na hakuwa na njia ya kukirudisha.

"Si huyu, mama," alisema. "Yule wa kwanza."

Mama Kantini alisimama na kikapu mkononi. Alimtazama Inspekta, kisha mlango, kisha Inspekta tena, na Inspekta aliona fahamu inavyomfikia, kidogo kidogo, mpaka ikafika yote. Hakupiga kelele. Midomo yake ilitamka baba mara moja, na haikujulikana anamwita yupi.

Alikiweka kikapu sakafuni karibu na mlango, akakiinua tena, akampa Koplo.

"Dawa ni kidonge kimoja baada ya chakula," alisema. "Usimpe kabla, itamsumbua tumbo."

Kisha aligeuka akatoka nje, bila kuingia kumwona.